Watozeni matajiri! Sawa, ila pengo la tajiri na maskini litapungua kweli?

Kila mwaka ikifika katikati ya Juni, siku waziri wa fedha anasoma bajeti pale Dodoma, magrupu ya WhatsApp yanageuka bunge. Kuna anayeuliza bia imepanda shilingi ngapi, kuna anayeuliza mafuta, na lazima atokee mmoja aandike "kwani hawa matajiri kwa nini wasibanwe wao, sisi tumechoka". Hapo ndo moto unawaka. Huyu anasema wakitozwa vizuri umaskini kwisha habari yake, yule anasema ukiwabana wanafunga viwanda wanahamia Dubai na ajira zinaondoka nao, na wa tatu anakuja kusema yote heri ila hizo pesa zitaliwa tu. Nimeufuatilia huu ubishi miaka kadhaa sasa na ninachoona ni kwamba watu wanabishania vitu tofauti huku kila mmoja akidhani wanazungumzia kitu kimoja, kwa hiyo ngoja tuufungue taratibu, kuanzia chini kabisa.

Kwanza kipato na mali. Kipato ni kile kinachoingia: mshahara, faida ya duka, pango unalopokea kwa wapangaji, gawio la hisa. Mali ni kile ambacho tayari unacho ukishatoa madeni: viwanja, majumba, hisa, ng'ombe, hela benki. Hivi vitu viwili havitembei pamoja siku zote. Chukulia mzee mwenye viwanja vinane Bunju na Mapinga, alivinunua enzi hizo watu wakimcheka kwamba anaenda kuishi porini, leo kila kimoja ni makumi ya milioni. Hana mshahara, hana duka, kwenye karatasi za TRA hana kipato. Alafu kuna nesi wa hospitali anayepokea milioni moja na laki mbili kwa mwezi, hana hata kiwanja, na kila mwezi anakatwa juu kwa juu kabla hela haijafika kwenye akaunti. Ukisema "watoze wenye kipato kikubwa" umemshika nesi, mzee umempita.

Kwa hiyo na pengo nalo ni mawili, la kipato na la mali, na karibu kila nchi la mali ndo kubwa zaidi. Wataalamu wanalipima kwa namba inayoitwa Gini, inaanzia 0 ambapo watu wote wako sawa mpaka 1 ambapo mtu mmoja ana kila kitu na wengine wote hawana hata senti. Tanzania tuko kwenye kama 0.4, Afrika Kusini wako kwenye 0.63 na ndo wanaotajwa kuwa na pengo kubwa kuliko wote duniani. Hiyo Afrika Kusini tutairudia maana ina jambo.

Sasa kodi zenyewe. Fikiria kamati ya harusi. Kadi single elfu 50, double laki moja, bei ni ile ile kwa kila mtu. Kwa bosi wa benki hiyo elfu 50 haimsumbui hata kidogo, kwa anayeuza genge ni mtaji wa siku mbili tatu, ila kwenye daftari la mweka hazina wote wameandikwa wamechanga sawa. Alafu kuna kamati nyingine hawaendi hivyo, wanakaa na orodha wanasema anko fulani huyu muandikie milioni, huyu dogo wa bodaboda muandikie elfu 20 na akileta kumi tupokee. Kodi za nchi nazo ziko za aina hizo mbili. Kuna ya ngazi, ambayo mwenye nacho zaidi anatoa sehemu kubwa zaidi ya alichonacho, na kuna ya kadi, ambayo bei ni moja kwa wote na mwisho wa siku mwenye kidogo ndo anaumia zaidi.

Ya kadi inayojulikana kuliko zote ni VAT, ile kodi inayokuwa ndani ya bei ya kitu unachonunua, asilimia 18 huku Bara. Kweli vyakula vingi visivyosindikwa havina VAT, lakini sabuni, dawa ya meno, vocha, mabati, hivyo vyote imo ndani. Tufanye hesabu ya mfano. Mtu anapata laki tatu kwa mwezi na anazimaliza zote, tuseme laki mbili katika hizo zinaenda kwenye vitu vyenye VAT. Ndani ya hiyo laki mbili kuna kama elfu 30 za VAT, yani asilimia 10 ya kipato chake chote. Mwingine anapata milioni 30, anatumia milioni tano kwenye vitu vya VAT na zinazobaki ananunua ardhi na hati fungani. VAT yake ni kama laki saba na sitini, kwa macho ni nyingi sana, ila ni asilimia mbili na nusu tu ya kipato chake. Wote wamelipa 18, ila wa laki tatu kaumia mara nne ya wa milioni 30.

Ndo maana ile tozo ya miamala ya simu ya Julai 2021 iliwasha watu namna ile. Ilikuwa kati ya shilingi 10 na 10,000 kulingana na kiasi unachotuma au kutoa, kwa hiyo kwa mbali ilikuwa na ngazi, ila ngazi yenyewe ikifika juu inagota, na anayemtumia mama yake elfu 20 kijijini kila wiki hana pa kukwepea. Ilipunguzwa, ikapunguzwa tena, na 2023 ile ya kutuma ikaondolewa.

Upande wa kodi za ngazi sisi tunayo moja inayofanya kazi kwelikweli, PAYE, ile ya mishahara. Na hapa kuna uongo mmoja umeota mizizi, eti ukipandishwa mshahara ukaingia daraja la juu unaweza kuishia kupata pungufu ya zamani. Haiwezekani, hesabu haiko hivyo. Viwango vyetu tangu Julai 2021: mpaka 270,000 hukatwi kitu, kipande cha kutoka hapo mpaka 520,000 unakatwa asilimia 8, kutoka hapo mpaka 760,000 asilimia 20, mpaka milioni moja asilimia 25, zaidi ya hapo 30. Kila kipande kinakatwa kivyake. Mwenye milioni moja (baada ya kutoa mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii) analipa 128,000. Akiongezewa laki moja, ni hiyo laki tu ndo inakatwa 30, kwa hiyo kodi inakuwa 158,000 na yeye anabaki na elfu 70 mpya mfukoni. Kwa hiyo msikatae vyeo jamani.

Ila angalia hiyo ngazi inaishia wapi. Milioni moja! Mwalimu mwandamizi mwenye milioni moja na laki mbili na mkurugenzi wa kampuni mwenye milioni 50 kwa mwezi wamesimama kwenye ngazi moja ya mwisho, shilingi ya ziada ya kila mmoja inakatwa 30. Ukipiga wastani huyo wa milioni 50 analipa kama asilimia 29.7, wa milioni tano analipa 26.6, tofauti ni kiduchu. Kwa mfumo wetu wa mishahara "tajiri" anaanzia milioni moja. Wakenya walijaribu kuirefusha ngazi yao, mwaka 2023 wakaongeza asilimia 32.5 kwa anayepata zaidi ya laki tano za kwao kwa mwezi na 35 kwa anayezidi laki nane. Ni sawa, sina neno, ila na hiyo nayo bado inamshika mtu wa payslip. Tajiri mkubwa kwa kawaida hana payslip ya maana.

Tajiri mkubwa ana nini? Ana mali. Na hapa ndo mi naona ubishi mzima ungeanzia, kwenye SMS ya LUKU, ule umeme wa kulipia kabla.

Nunua umeme wa elfu 10 mwanzoni mwa mwezi alafu usome ule ujumbe vizuri. Kuna gharama ya umeme, VAT 18%, EWURA 1%, REA 3%, na kuna mstari wa deni lililokatwa, 1,500. Hiyo ndo kodi ya jengo. Ilihamishiwa kwenye LUKU Agosti 2021, ikaanza na 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa, 2023 ikapanda kuwa 1,500 na 7,500, yani 18,000 na 90,000 kwa mwaka. Kwenye nyumba za kupanga zenye mita moja tunajua sarakasi zake, mwezi ukianza kila mpangaji anajifanya umeme wake bado upo maana wa kwanza kununua ndo anakula hiyo 1,500.

Sasa piga hesabu. Nyumba ya vyumba vitatu Mbagala, tuseme ina thamani ya milioni 30, inalipa 18,000 kwa mwaka, ambayo ni asilimia 0.06 ya thamani. Ghorofa la sakafu mbili Masaki, bwawa, jenereta, bustani, tuseme bilioni moja (na nimeshusha), linalipa 180,000. Ni asilimia 0.018. Kwa hiyo kila shilingi ya mali ya Mbagala inatozwa zaidi ya mara tatu ya shilingi ya Masaki, na kama huyo wa Masaki kajenga ya chini tu bila ghorofa, basi analipa 18,000 sawasawa na wa Mbagala. Hii ni kodi ya mali, inagusa kitu kile kile tunachosema tunataka kukigusa, na tumeigeuza kuwa kadi ya harusi.

Nisiwe mchoyo wa haki hapa, huu mfumo una faida moja kubwa, unakusanyika. Zamani watu wa halmashauri walikuwa wanapita na makaratasi mlango kwa mlango na wengi hawakulipa kabisa. Kuthamini kila jengo nchini ni kazi ngumu na ya gharama, wathamini wenyewe hawatoshi. Hiyo ni hoja ya kweli. Ila kuna walioipatia dawa. Freetown, Sierra Leone, kuanzia 2020 chini ya meya Yvonne Aki-Sawyerr walitumia picha za satelaiti kutambua majengo, alafu badala ya mthamini kuingia ndani na futi, jengo linapewa pointi kwa vitu vinavyoonekana kwa nje: ukubwa, paa la nini, ukuta wa nini, liko mtaa gani, barabara ikoje. Majengo kwenye daftari yakatoka kama elfu 57 mpaka zaidi ya elfu 120, bili za nyumba za juu zikapanda sana na za nyumba duni zikashuka. Haikwenda kilaini, serikali kuu iliusimamisha mpango kwa muda, siasa zikaingia, lakini ilionyesha kwamba inawezekana kwenye jiji maskini la Afrika bila kuwa na jeshi la wathamini.

Sisi tukisema tu kwamba milioni 50 za kwanza za thamani ya nyumba hazitozwi kitu na zinazozidi zinatozwa asilimia 0.1, wa Mbagala analipa sifuri, wa Masaki analipa 950,000 kwa mwaka. Haimfilisi. Pengine hata mshahara wa walinzi wake wa miezi mitatu haifiki.

Kwenye hisa mambo ni ya kuangalia kwa makini zaidi, maana hapa watu wanarusha namba nusunusu. Utasikia "mfanyakazi anakatwa 30, mwenye hisa anakatwa 10 kwenye gawio, tena 5 tu kama kampuni ipo soko la hisa la Dar es Salaam". Ni kweli, ila kampuni yenyewe ilishalipa asilimia 30 ya faida kabla gawio halijatoka. Ukijumlisha zote mbili, kampuni ikilipa kiaminifu, mwenye hisa katozwa kama 37. Kwa hiyo kusema matajiri hawalipi kabisa sio sahihi, kampuni kubwa zinabeba sehemu kubwa ya makusanyo ya TRA. Uvujaji uko kwingine. Uko pale faida inapoandikwa ndogo kuliko ilivyo, uko kwenye kiwanja kinachopanda thamani miaka 15 bila kuguswa mpaka siku kiuzwe, na siku ikifika bei inayoandikwa kwenye mkataba ni nusu ya iliyolipwa kweli, na uko kwa watu ambao mkusanya kodi anaogopa kuwapigia simu.

Hao wa mwisho Waganda waliwahi kuwaangalia usoni. Utafiti ulichukua maafisa wa juu wa serikali 71 waliojulikana kuwa na biashara na mali, ukaangalia kumbukumbu za mwaka wa fedha 2013/14, na aliyekuwa analipa kodi ya mapato binafsi kwenye hizo shughuli zake alikuwa mmoja. Mmoja kati ya 71! Na wala haikuhitaji sheria mpya, viwango vilikuwepo, URA (mamlaka ya kodi ya kule) walianzisha kitengo maalumu cha watu wenye mali nyingi, wakaanza kuoanisha taarifa za magari, ardhi na kampuni, na hela zikaanza kuingia ndani ya mwaka wa kwanza wa hicho kitengo. Nchi inaweza kuandika asilimia 60 kwenye kitabu na pengo lisitikisike. Wamarekani miaka ya 1950 waliandika 91 kwa kipato cha juu kabisa, ila misamaha ilikuwa mingi kiasi kwamba walioilipa kweli walikuwa wachache mno.

Haya, tufanye imeshikika. Tumewatoza matajiri na wamelipa. Pengo linapungua?

Hapa nataka tukae kidogo kwa sababu kuna hesabu mbili zinatumia pesa ile ile na majibu yake hayafanani kabisa. Tanzania kwenye orodha ya matajiri wa dola ya jarida la Forbes miaka ya karibuni anatajwa mmoja tu mwenye zaidi ya bilioni moja, Mohammed Dewji. Tuseme ana dola bilioni 2, na tuseme tumeweka kodi ya mali ya asilimia 2 kwa mwaka, kiwango kile kile ambacho mchumi Mfaransa Gabriel Zucman alikipendekeza kwa mabilionea wa dunia kwenye kikao cha G20, lile kundi la nchi zenye uchumi mkubwa, Brazil mwaka 2024. Tunapata dola milioni 40, kwa shilingi ni kama bilioni 100. Sensa ya 2022 ilituhesabu milioni 61.7. Tukigawana kila mtu anapata kama 1,600. Chai na chapati mbili, labda na maharage kama mama ntilie ni mwelewa. Kwenye bajeti ya 2025/26 ya trilioni 56.49 hiyo ni chini ya asilimia 0.2. Kwa hiyo anayedhani tukimkamua bilionea shida zimeisha, hapana, hatuna mabilionea wa kutosha wa kufanya hiyo kazi, na ndo maana ile ya majengo na viwanja ina maana zaidi kwetu, inagusa maelfu ya watu ambao sio mabilionea wa Forbes ila wana mali ya maana.

Hesabu ya pili. Hizo hizo bilioni 100 usizigawe kwa vichwa, zipeleke kwenye ruzuku ya shule za msingi, ile pesa serikali inapeleka kwa kila mwanafunzi kwa ajili ya chaki, karatasi za mitihani, vitabu na ukarabati. Kiwango chake ni shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, kilipangwa enzi za MMEM, ule mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, mwanzoni mwa miaka ya 2000 kama dola 10 wakati dola ilikuwa karibu na elfu moja, dola imepanda mpaka zaidi ya elfu mbili na yenyewe imebaki pale pale. Wanafunzi wa msingi wako milioni kumi na kitu. Bilioni 100 gawa kwa milioni kumi, ni elfu 10 kila mmoja. Umeshaizidisha ruzuku ya nchi nzima karibu mara mbili, kwa kodi ya mtu mmoja ambaye utajiri wake kwa mwaka wa kawaida unaweza kukua zaidi ya hiyo asilimia mbili.

Pesa ile ile, ukiigawa haionekani, ukiipeleka mahali inabadilisha shule. Ukiniuliza mimi hili ndo jibu la swali la pengo: kodi ya tajiri peke yake inamshusha wa juu kidogo sana, kinachopunguza pengo kwa kiasi kikubwa ni wa chini kupandishwa na kile kilichokusanywa. Waswidi walifuta kodi ya urithi mwaka 2004, kodi ya utajiri ikafuata 2007, VAT yao ni asilimia 25, kubwa kuliko yetu, na bado pengo lao la kipato ni dogo kuliko la nchi nyingi, kwa sababu shule, hospitali, malezi ya watoto na pensheni vinamfikia kila mtu. (Pengo lao la mali ni hadithi nyingine, hilo ni kubwa, na kufuta hizo kodi hakukulisaidia.)

Afrika Kusini sasa. Kodi ya kipato inafika asilimia 45, kodi ya mirathi 20 mpaka 25, watu zaidi ya milioni 18 wanapokea posho za serikali kila mwezi, na bado ndo wa kwanza duniani kwa pengo. Wengi wanaitumia kama ushahidi kwamba kodi haisaidii. Ila utafiti wa Benki ya Dunia kwa takwimu za 2010/11 ulionyesha kwamba kabla ya kodi na huduma Gini yao ilikuwa kama 0.77, na ukishahesabu kodi, posho, elimu na afya inashuka mpaka karibu 0.60. Huo ni mshuko mkubwa sana. Walianzia kwenye shimo refu la ardhi na elimu lililochimbwa na ubaguzi, na hakuna kodi ya kila mwaka itakayolifukia hilo peke yake wakati ajira hakuna.

Na sisi je? Kuna uchambuzi ulifanywa kwa takwimu zetu za bajeti za kaya za 2011/12, ukakuta kodi na huduma kwa ujumla wake vinapunguza pengo, ila ukiangalia pesa taslimu tu, maskini wengi walikuwa wanatoa kwenye kodi za manunuzi zaidi ya wanachorudishiwa mkononi. Yani mtoto anasoma bure, ambayo ni faida kubwa, huku baba yake mfukoni anaondoka mwepesi kuliko alivyokuwa. Ndo maana mtu akisema "serikali inanikamua" na mwingine akasema "lakini serikali inakusaidia" wote wanakuwa sahihi.

Hii ya kukimbia tuimalize haraka. Wapo wanaokimbia. Norway walipopandisha kodi ya utajiri mpaka asilimia 1.1 mwaka 2022, matajiri kadhaa walihamia Uswisi akiwemo Kjell Inge Røkke, mmoja wa wakubwa kabisa kule. Cha kuchekesha ni kwamba Uswisi nayo inatoza kodi ya utajiri, kwenye majimbo yake. Nchi 12 za OECD (umoja wa nchi ambazo nyingi ni tajiri) zilikuwa na kodi ya aina hiyo mwaka 1990, ilipofika 2017 zilibaki nne, na sababu kubwa ilikuwa misamaha mingi na makusanyo madogo. Ufaransa mwaka 2018 wakaibadilisha ya kwao ikabaki kwenye majengo na ardhi tu, maana hisa zinahama kwa kubonyeza kitufe, ghorofa la Paris haliwezi kupanda ndege. Wala la Kariakoo. Kinachohama kwetu ni hela ya benki, na imeshahama siku nyingi bila kusubiri kodi yoyote mpya: Zucman huyo huyo alikadiria kama asilimia 30 ya utajiri wa kifedha wa Afrika uko nje, kwenye nchi za siri. Dawa yake ni nchi kupeana taarifa za akaunti, na hilo halifanyiki kwa kushusha viwango hapa nyumbani.

Na wa tatu wetu, wa "zitaliwa tu". Huyu simlaumu, ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, inatoka kila Aprili na kila Aprili tunashika vichwa. Ila hoja yake ikichukuliwa mpaka mwisho inamaanisha tusilipe kodi yoyote, hata ya sabuni, na hilo halitokei, ya sabuni inaendelea kukatwa kimya kimya. Kama zitaliwa, mimi naona bora ziliwe za Masaki kwanza, maana mwenye ghorofa la bilioni akiliwa kodi yake ana namba ya waziri kwenye simu na atapiga.

Kuna swali moja linabaki na mi naliona gumu kuliko la kukimbia. Ukimtoza mwenye nyumba, nani analipa? Mwaka 2022 wapangaji waliambiwa wakate asilimia 10 ya pango waipeleke TRA kwa niaba ya mwenye nyumba, kelele zikawa kubwa mpaka mpangaji akaondolewa kwenye huo utaratibu, kwa sababu kila mtu alijua mwenye nyumba angepandisha pango hiyo hiyo 10 kesho yake. Wachumi wanasema inategemea: kwenye mtaa wenye nyumba nyingi tupu hawezi kupandisha, mpangaji atahama, kwenye mtaa wa kugombania vyumba anakubebesha yote. Ndo maana kodi ya thamani yenye msamaha chini na makali juu ni salama zaidi, nyumba nyingi za wapangaji wa kawaida zinabaki nje yake kabisa. Kwenye hii ya LUKU kwa sheria mlipaji ni mwenye nyumba, na 2021 serikali ilisema wazi kwamba mpangaji aliyekatwa kwenye umeme amalizane na mwenye nyumba wake, aitoe kwenye pango. Nenda basi kamwambie mama mwenye nyumba wa Sinza kwamba mwezi huu unampunguzia 1,500.